Nyumba ya kale mjini: Njia 5 za kujua ilijengwa lini

Bagamoyo, Pangani, Kilwa Kivinje na Mikindani zimejaa nyumba za mawe ambazo wenyewe husema tu ni "za zamani sana". Lakini mwaka una uzito wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalihesabu jengo lililojengwa kabla ya 1886 kuwa kumbukumbu inayolindwa. Kabla hujaita fundi aje kubomoa, anza hapa.

1. Angalia ukuta na dari
Mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko ni dalili ya ujenzi wa kale. Boriti hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba, kama mita 3 hivi. Ukikuta mihimili ya chuma juu na boriti chini, huenda ghorofa iliongezwa baadaye. Saruji nayo isikudanganye: kiwanda cha kwanza nchini, Wazo Hill, kilianza uzalishaji 1966, na plasta mpya inaweza kufunika ukuta wa karne iliyopita.

2. Soma mlango
Baadhi ya milango ya nakshi ina mwaka wa Hijria. Kupata mwaka wa Miladia kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Mfano, 1300 ni sawa na 1883 hivi. Ila milango huhama! Mlango wa kale unaweza kuwa umetolewa nyumba nyingine. Mlango wenyewe, kama ulichongwa kabla ya 1940, nao umetajwa na sheria hiyo hiyo.

3. Fuata karatasi
Wadachi walitoa amri ya ardhi 1895, na kumbukumbu za utawala wao zipo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Uliza pia ofisi ya ardhi ya wilaya. Nyumbani, fungua sanduku la bibi: hati za mauzo, mirathi au wakfu mara nyingi humtaja jirani na mipaka.

4. Tafuta picha
Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt na mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, zina picha za zamani za Afrika Mashariki mtandaoni. Nyumba ikionekana kwenye picha ya 1900, basi haikujengwa baada ya hapo.

5. Kaa na wazee barazani
Usiulize "mwaka gani?" Uliza nani alikuwa anaishi humo, paa lilikuwa la makuti au bati, na ilikuwa kabla au baada ya vita gani. Rekodi kwa simu, wakiridhia.

Ushahidi mmoja hautoshi. Ukuta, karatasi na wazee wakikubaliana, hapo umeupata mwaka. Wakipingana, amini ukuta kwanza, na uwaone maofisa wa Mambo ya Kale kabla nyundo haijagusa jiwe.