Damu inasema nini juu ya mgonjwa mahututi?



Tunapotembelea wagonjwa, swali moja linarudi mara nyingi: «Mchungaji, wamepima damu, daktari anasema hali ni mbaya. Tubaki hospitalini ao tumrudishe nyumbani?» Jibu laweza kuokoa mtu ao kumpoteza. Kwa hiyo tunaeleza hapa vipimo hivyo ni nini, na tuvipokee namna gani.

Vinavyopimwa

Mwili ukipambana na ugonjwa mkali, damu inabeba habari za viungo vya ndani. Laktati inapanda wakati mwili haupati oksijeni ya kutosha. Kwa mtu mzima wa afya haifiki milimoli 2 kwa lita moja ya damu. Kwa mgonjwa wa malaria, ikifika 5, malaria hiyo inahesabiwa kuwa kali. Urea na kreatinini zikipanda, figo zimelemewa. Albumini, protini inayotengenezwa na ini, inashuka kwa utapiamlo na kwa maambukizi makali.

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Daktari anakiunganisha na kupumua kwa mgonjwa, mapigo ya moyo, mkojo na fahamu zake.

Mfano wa jirani zetu

Jambo hili si geni kwetu. Huko Lwiro, katika wilaya ya Kabare, kuna hospitali ya watoto inayojulikana na wengi wetu. Kati ya mwaka 1986 na 1988, watoto zaidi ya 1,100 waliolazwa huko walipimwa albumini katika damu na unene wa mkono. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993: watoto wenye albumini ya chini sana na mkono mwembamba ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Faida yake ni kwamba muuguzi anaweza kujua tangu mwanzo ni mtoto yupi wa kulindwa kwa karibu zaidi.

Hatari si hukumu

Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali, katika inchi tisa za Afrika, yetu ikiwemo. Asidi nyingi na urea nyingi katika damu zilikuwa kati ya dalili za hatari ya kufa. Lakini uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba dawa inabadilisha mwisho: kwa kwinini walikufa karibu 11 kati ya watoto 100, kwa artesunate, karibu 8 ao 9. Basi kipimo kinasema juu ya wengi walio katika hali ileile. Hakisemi jina la atakayekufa.

Mfalme Hezekia aliambiwa wazi kwamba atakufa (Isaya 38). Aliomba, akalia, na Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Akaongezewa miaka 15. Habari mbaya, maombi na dawa vilikaa katika chumba kimoja, na kimoja hakikufukuza kingine.

Familia ifanye nini?

Muulizeni daktari maswali matatu: Kipimo hiki kinaonyesha nini? Mtafanya nini sasa? Mtapima tena lini? Kipimo cha pili kina maana kubwa, kwa sababu laktati inayoshuka baada ya matunzo ni dalili njema.

Msimwondoe mgonjwa kwa sababu ya namba moja. Msingoje maombi yaishe ndipo mpande pikipiki, ombeni njiani. Na msiogope kichupa cha damu: ni kidogo, na mwili unairudisha.

Wazee wa kanisa na mama wa kanisa, mara nyingi mgonjwa anarudishwa nyumbani kwa kukosa pesa, si kwa kukosa imani. Sadaka ya wagonjwa iwe tayari kabla ya shida.

Na ikiwa daktari atasema kwa upole kwamba dawa hazisaidii tena, tusimwache ndugu yetu peke yake, wala tusiambie familia yake kwamba iliamini kidogo. Tukae naye, tumshike mkono, mpaka mwisho.