Sultani Alikula Bata Kilwa, Lakini Nani Alichota Maji?

Video za namna hii ziko kibao mtandaoni. Taa za buluu, mapovu, glasi pembeni, amapiano kwa mbali, na maandishi mafupi: "Kazi na bata." Sekunde 15 tu, mtu keshaonyesha kwamba maisha yamemnyookea. Jakuzi nyumbani siku hizi ni kama gari zamani: ukiwa nalo, huhitaji kusema mengi.

Sasa itoe picha hiyo Masaki uipeleke Rutamba, mkoani Lindi, bara kidogo kutoka mji wa Lindi, kule kwenye ziwa linaloitwa kwa jina hilohilo. Chukulia kuna kijana wa huko aliyetoboa Dar. Amerudi kuwajengea wazazi mjengo wa maana, na nyuma ya nyumba anataka jakuzi. Fundi anakuja, anazunguka uwanja, anakuna kichwa. Swali lake la kwanza wala si la bei.

"Bosi, maji yatatoka wapi?"

Swali dogo, lakini kwenye pwani ya Kilwa na Lindi lina umri wa miaka kama 700.

Ndoo 60 kwanza, bata baadaye

Tuanze na hesabu za kijana wetu. Jakuzi la kawaida la familia linameza lita 1,200 hivi. Kwa ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo 60. Kama bomba halitoi na mchotaji anabeba ndoo moja kichwani, ni safari 60, kila safari na kilo 20 juu ya utosi.

Maji hayo peke yake ni kilo 1,200. Ongeza jakuzi lenyewe na watu wanne watano ndani yake, unakaribia tani mbili. Ndiyo maana fundi mwenye akili haliweki juu ya udongo wala juu ya vigae vya baraza. Anamwaga zege kwanza. Kisha analivutia umeme wa laini yake peke yake, wenye kinga ya shoti, maana maji na umeme havina undugu.

Halafu joto. Kuyatoa maji hayo nyuzi 25 hadi nyuzi 38 kunakula kama yuniti 18 za LUKU. Hita ya kilowati 3 itahangaika saa 6, na hapo hujahesabu joto linalopotea hewani. Ukitaka kuingia saa 12 jioni, washa saa 6 mchana au kabla.

Hiyo ndiyo gharama ya kuoga kishua mwaka huu. Sasa rudi nyuma mpaka enzi ambazo hakukuwa na bomba, pampu wala LUKU, uone jamaa mmoja wa Kilwa aliyeamua kuoga kishua vilevile.

Jumba juu ya jabali

Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, alitawala Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Dhahabu iliyotoka Sofala, kusini kabisa, ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa, na kodi iliingia hazina. Sarafu yenye jina lake imeokotwa mpaka Great Zimbabwe. Kwa lugha ya mtaani, mkwanja ulikuwepo.

Akajenga. Mbali kidogo na mji, juu ya jabali linalotazama bahari, aliinua jumba linaloitwa Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia, nyua, ngazi, na eneo la biashara. Na katikati ya mambo yote hayo aliweka bwawa la kuogea. Halikuwa shimo la maji lilimradi. Lina pembe nane, na kuta zake zimeingizwa ndani kwa mapambo, kazi ya fundi aliyejua anachofanya.

Mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick alianza kuchimba Kilwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na jumba hilo likarudi kwenye mwanga. Leo magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia, tangu UNESCO ilipoyaorodhesha mwaka 1981. Watalii wanavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, wanasimama ukingoni mwa bwawa lile kavu, wanapiga selfi, wanasema "yaani hawa watu walikuwa na swimming pool!" Kisha wanaondoka.

Wachache wanauliza swali la fundi: maji yalitoka wapi?

Jumba liko juu ya jabali. Bahari iko chini, na maji hayapandi yenyewe. Mto haupo. Maji baridi yalitoka kisimani, na kisima hakijazi bwawa bila mkono wa mtu. Ilibidi mtu ashushe chombo, avute kamba, amimine, ashushe tena.

Fanya hesabu ndogo ujue uzito wa kazi. Bwawa dogo tu la hoteli, la lita 50,000, ni ndoo 2,500 za leo. La Husuni Kubwa halikuwa beseni. Na kwa joto la Kilwa, maji yaliyotulia hayachukui siku nyingi kuota ukijani na kufuga viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo haikuwa kazi ya kujaza mara moja ukasahau. Ni kujaza, kumwaga, kusugua na kujaza tena.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuna aliyekata matumbawe baharini. Kuna aliyepanga kuni na kuyachoma yawe chokaa. Kuna aliyelainisha kuta, na kuna aliyevuta kamba. Jina la sultani limeandikwa kwenye sarafu. La mvuta kamba halikuandikwa popote.

Ishirini wasio na majina

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri maarufu kutoka Morocco, Ibn Battuta. Alimsifia sana sultani huyuhuyu kwa ukarimu, kiasi kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi.

Kisa alichosimulia ni hiki. Siku moja sultani anatoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Masikini mmoja kutoka Yemen akamwomba nguo alizovaa mwilini, zilezile. Sultani hakumwambia "pita kesho". Akaingia ndani, akazivua, akampa. Watu wakashangilia.

Mtoto wa sultani akaona nguo za baba haziwezi kuondoka hivihivi. Akazichukua kwa yule masikini, na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaagiza masikini huyo aongezewe watumwa kumi wengine, pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kwa karne nyingi kisa hiki kimesimuliwa kama hadithi ya ukarimu. Isome tena taratibu. Ndani yake kuna watu ishirini. Walihesabiwa kama nguo, wakatajwa pamoja na pembe, wakaondoka na mtu waliyekutana naye siku hiyohiyo. Hakuna aliyeandika walitoka wapi wala waliitwa nani.

Kisa hicho hakisemi nani alichota maji ya Husuni Kubwa. Kinasema tu mji ule ulihesabu vipi watu wake wa chini. Na jumba lenyewe halikudumu. Lilikaliwa muda mfupi, na sehemu zake hazikumalizika kujengwa. Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505, enzi za Husuni Kubwa zilikuwa zimeshapita zamani.

Maji moto yahamia Unguja

Kuoga kishua hakukufa. Karne ya 19 kulihamia Unguja pamoja na Sultani Said bin Sultan, na safari hii maji yalikuwa ya moto kweli.

Kwenye jumba la Mtoni kulikuwa na mabafu ya familia nzima ya sultani. Binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa pale mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, aliyaeleza kwenye kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mwaka 1850 Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu kule Kidichi, yenye kuba na nakshi za plasta za kwao. Baadaye mtoto wake, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akawajengea watu wa mjini bafu la umma la Kiajemi. Mtaa ule mpaka leo unaitwa Hamamni.

Teknolojia ya hamamu ni rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Jiko la kuni linawashwa, moto na hewa yake vinapitishwa chini ya sakafu, mawe yanapata joto, maji yanapata joto, mwogaji anatoka jasho na kujisikia kazaliwa upya. Lakini hita ya kuni haina kitufe. Ina mtu. Anapasua kuni, anachochea, anazoa majivu, anameza moshi, ili chumba cha pili pawe na mvuke mtamu.

Hapo ndipo Unguja inarudi Kilwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ile nyumba za wakubwa wa Unguja ziliendeshwa na watumwa: maji, kuni, jikoni, mashambani kwenye karafuu. Na bandari kubwa iliyowapeleka huko ilikuwa Kilwa Kivinje. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikapita nchi za nyuma ya pwani hii, ikamwaga watu ufukweni wapakiwe majahazini. Wayao, Wanyasa, Wangindo na wengine wengi. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria visiwani mwaka 1897.

Kwa hiyo mtu wa Lindi akitalii Kidichi na kusifia zile nakshi, asijione mgeni kabisa. Huenda aliyebeba maji pale alipandia chombo Kivinje.

Bomba lilivyombadilisha mchotaji

Kuna jambo moja Barghash anastahili kukumbukwa kwalo kuliko hamamu. Alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, wananchi wakateka. Bomba halina mbwembwe za kuba na nakshi, lakini lilimpunguzia mtu mzigo wa kichwani. Hayo ndiyo mapinduzi.

Na jakuzi lenyewe, ukifuata ukoo wake, ni mtoto wa pampu. Ndugu wa familia ya Jacuzzi, wahamiaji wa Kiitaliano huko California, Marekani, walianza mwaka 1915 na propela za ndege, kisha wakahamia kwenye pampu za visima vya wakulima. Mwaka 1956 wakatoa pampu ndogo ya kuzamisha kwenye beseni la kuogea. Chanzo ni mtoto wa mmoja wao aliyekuwa na ugonjwa wa maungio, aliyehitaji maji yanayozunguka ili apate nafuu. Bata lilikuja baadaye, mwaka 1968, walipoanza kuuza beseni lenye pampu ndani yake.

Yaani kitu kinachopigiwa picha leo kilianza kama jibu la maswali mawili ya watu wa kawaida: namna ya kuyatoa maji kisimani, na namna ya kumtuliza mtoto mwenye maumivu.

Turudi Rutamba

Pampu imemwondoa mvuta kamba, haijamwondoa mtu. Kijana wetu akishazindua jakuzi, akapiga picha, akarudi Dar, kuna mwingine anabaki nalo. Huyo ndiye atakayepima klorini na uchachu wa maji, pH ikae kati ya 7.2 na 7.8. Ndiye atakayetoa filta aioshe, kisha kila baada ya miezi mitatu minne amwage yote na kuanza upya. Akizembea, maji ya uvuguvugu hualika bakteria kama Legionella, anayeleta nimonia. Joto nalo lisivuke nyuzi 40. Kazi hiyo inataka mtu aliyefundishwa na kulipwa. Mara nyingi anaachiwa dada wa kazi au kijana wa bustani, kwa mshahara uleule, huku anaambiwa "na hilo uliangalie."

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, jibu la fundi lipatikane. Kama maji yatatoka bombani au kwenye tanki la mvua lisilompunguzia jirani, sawa, mwaga zege. Kama kila ujazo ni safari 60 za mama mmoja na ndoo yake, basi hapo hamna jakuzi. Kuna Husuni Kubwa ndogo.

Na siku ya kupiga video, kamera igeuzwe kidogo pembeni. Aliyesimama pale na filta mkononi ana jina. Alitaje.