Kilemba, Mkaja na Ubeleko: Asili ya Ada za Arusi za Pwani

Katika maneno ambayo watu wa pwani huyatumia wanapotaja mambo waliyoyarithi kwa wazee wao, yaani mila, desturi, jadi na ada, hili la mwisho lina hali ya peke yake, kwani ada ni mwenendo uliozoewa na tena ni malipo. Mtu husema "ndiyo ada yetu" akikusudia mwenendo wa watu wake, na mtu yule yule husema "nimelipa ada" akikusudia fedha iliyotoka mkononi mwake. Mahali ambapo maana hizi mbili hukutana kwa udhahiri zaidi ni katika arusi, na anayetaka kujua wazee walifikiri nini juu ya kulea na kulelewa hana budi kuzitazama ada za arusi moja moja kwa majina yake.

Mkaja ni kitambaa kirefu ambacho wakunga humkaza nacho tumboni mwanamke aliyejifungua, wakikizungusha mara kadha wa kadha mpaka maungo yarudi mahali pake, na mzazi hukaa nacho siku za arubaini yake. Ubeleko ni nguo ambayo mama humbebea mwanawe mgongoni, akitwanga nayo, akiteka maji nayo, mpaka mtoto ajue kutembea. Basi mtoto huyo, ikiwa ni binti, anapoposwa, miaka kumi na mitano au ishirini baadaye, mume huambiwa atoe mkaja na ubeleko kwa mama mkwe, na kilemba kwa baba mkwe. Na ingawa mama mkwe amekwisha kuzaa zamani na nguo zile zimekwisha kuchakaa, malipo hubaki na majina yaleyale, ili yule mgeni anayekuja kuchukua mtu mzima ajue kwamba mtu huyo alikuwa kitoto kichanga, na kwamba kuna kiuno kilichofungwa na mgongo uliochoka kwa ajili yake. Mimi naona hapo pana adabu kubwa, tena yenye hekima, kwa sababu mume hakuambiwa anunue mke, bali aliambiwa alipe madeni ya watu waliomlea mkewe.

Kilemba nacho hakikuwa cha arusi tu. Mwanagenzi aliyehitimu kazi kwa fundi wake alimpa fundi kilemba kabla hajaanza kufanya kazi kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo baba mkwe alipopokea kilemba alihesabiwa kama mwalimu aliyemaliza kazi yake.

Zaidi ya hizo kulikuwa na ada za usiku wa arusi wenyewe, na hizi zilikuwa mikononi mwa makungwi, yaani wanawake wanaomfunda bibi arusi. Kiosha miguu kilikuwa haki ya kungwi, na kipa mkono kilikuwa zawadi ya bibi arusi mwenyewe kutoka kwa mumewe wanapoonana. Padri Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alizitia ada hizi katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kilichopigwa chapa London mwaka 1870, na kwa hivyo twajua kwa yakini kwamba majina haya yalikuwa vinywani mwa watu kabla Wadachi, yaani Wajerumani, hawajaitawala pwani ya Mrima.

Lakini aliyetuachia khabari kwa mapana, tena kwa ulimi wa mwenyeji, ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa chuoni kutoka Dunda karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maandishi yake pamoja na ya wenziwe yalikusanywa na Mjerumani Carl Velten, yakatoka Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Humo mna kuzaliwa, kutahiriwa, posa, mahari, arusi, talaka na matanga, katika Kiswahili ambacho hata leo hukinai kukisoma. Mwaka uliofuata Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipopanda meli kurudi kwao Bagamoyo, wakubwa wa serikali ya Kijerumani wakakataa mkewe asishuke pwani, naye akachagua kurudi Ulaya pamoja na mkewe kuliko kumwacha. Alifia Berlin mwaka 1927. Hunisikitisha kila nikumbukapo kwamba mtu aliyetuhifadhia namna wazee walivyopokeana wakwe alinyimwa ruhusa ya kumwingiza mke wake mwenyewe nyumbani kwao.

Fedha za ada zilibadilika kwa kadiri ya dola zilivyobadilika: kwanza riale za Maria Theresa zenye tarikhi ya 1780 isiyogeuka, kisha rupia, kisha shilingi tangu miaka ya 1920. Nguo nazo zikageuka thamani yake, mpaka leo mkaja aghalabu ni noti ndani ya bahasha iliyoandikwa jina, ikalazwa juu ya sinia pamoja na kanga za bibi na blanketi la babu. Hilo halina ubaya. Ubaya umeingia pale ambapo bahasha zote zimechanganywa zikawa hesabu moja, na hesabu hiyo yote ikaitwa mahari.

Mahari si ada. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe kwa nassi ya Kurani, katika Suratun Nisaa, aya ya 4, na mzazi hana fungu ndani yake ila kwa ridhaa ya bintiye. Ada ni heshima ya wazee, na ndoa husihi bila ya hizo. Masheikh walilisema jambo la israfu katika arusi tangu zamani, na miongoni mwao Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, aliwaonya watu wake wasifilisike kwa ajili ya mazoea. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo ilikata shauri kwamba ndoa iliyotimiza mashariti mengine haibatiliki kwa kutotimizwa desturi ya mahari. Walakini binti ambaye mahari yake imemezwa ndani ya kilemba na mkaja amedhulumiwa, hata kama wazee wake hawakukusudia dhuluma.

Basi wazee wanaokaa leo kupokea posa na waiandike mahari mbali kwa jina la binti, na kila ada mbali kwa jina lake, na mshenga azisome zote mbele ya pande mbili kabla sinia halijafunuliwa.