Nyangumi wa Msimbati: Wageni waliwamaliza, sasa wanarudi

Wengi wetu tunaoishi Mtwara mjini, Chikongola na kata jirani, nyangumi tulimjua kwanza katika kisa cha Nabii Yunus. Tulimsoma tukiwa watoto, wala haikutupitia akilini kwamba anapita mbele ya pwani yetu kila mwaka. Hupita, tena kwa wingi. Kuanzia kusi la Julai hadi tanga mbili za Novemba, nyangumi wenye nundu hufika Tanzania kutoka bahari ya barafu ya Antaktika, safari ya zaidi ya kilomita 5,000 kwa upande mmoja. Huku hawafuati chakula. Wanakuja kujamiiana na kuzaa katika maji ya vuguvugu, na mama anayenyonyesha hushinda miezi bila mlo wa maana, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini alipokuwa akila uduvi wa kusini. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita nne hivi na uzito unaokaribia tani moja.

Mahali pazuri pa kuwaona ni Msimbati, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Huko kina kirefu kiko karibu na nchi kavu, hivyo boti haihitaji kwenda mbali. Safari huanza alfajiri, kabla upepo haujachafua bahari. Nahodha hatafuti mwili wa nyangumi, anatafuta pumzi yake: wingu la mvuke linaloruka juu ya maji na kutawanyika mara moja. Baada ya pumzi huja mgongo mweusi na nundu ndogo yenye pezi, na mnyama akiamua kuzama chini kabisa, mkia wote huinuka hewani huku maji yakichuruzika kingoni. Ni vyema kuutazama mkia huo kwa makini. Upande wake wa chini una mabaka meusi na meupe, na hakuna nyangumi wawili wenye mabaka yanayofanana, ndiyo maana watafiti huupiga picha ili kumtambua kila mmoja akirudi mwaka mwingine.

Kwamba bado wapo wa kupigwa picha ni jambo la kushukuru, kwa sababu historia yao na binadamu katika bahari hii ni ndefu na mbaya.

Maandishi ya zamani yanaanzia zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad, alisafiri kutoka kisiwa cha Kanbalu katika bahari yetu kwenda Oman mwaka 916. Aliandika kuhusu samaki mkubwa mno wa bahari ya Zanj, yaani ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, aliyewatia mabaharia hofu usiku na mchana, hata wakawa wanapiga kelele ili kumfukuza. Aliandika pia kwamba ambari bora kuliko zote ilipatikana katika bahari na visiwa vya Zanj. Leo tunajua kuwa ambari hutengenezwa tumboni mwa nyangumi wa aina nyingine, yule mwenye kichwa kikubwa anayewinda ngisi kilindini, na kwamba nyangumi si samaki bali mnyama anayenyonyesha. Lakini ushuhuda wa al-Masudi una uzito: pwani hii ilijulikana kwa nyangumi karne nyingi kabla ya Mzungu kuizunguka Afrika.

Katika karne ya 19 wakaja Wamarekani. Taa za Ulaya na Marekani ziliwaka kwa mafuta ya nyangumi, na meli za New Bedford na bandari jirani zilizunguka dunia kuyatafuta. Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 ubalozi mdogo wa Marekani ukafunguliwa Zanzibar. Wawindaji wa nyangumi waliingia bandarini humo kuchukua maji, kuni na chakula. Mmoja wao, John Ross Browne, aliichoka kazi ya meli akashuka Unguja mwaka 1843, na kitabu alichochapisha mwaka 1846 kinaeleza mateso ya mabaharia hao pamoja na maisha aliyoyaona kisiwani.

Hata hivyo, wawindaji wa zama za matanga walikuwa na mipaka, kwani walirusha vyusa kwa mkono wakiwa ndani ya mashua za makasia. Maangamizi yalikuja na injini ya mvuke na mzinga wa kurushia chusa. Mwaka 1908 Wanorwe walianza kuwinda kutoka Durban, na baada ya muda wakaingia pia pwani ya Msumbiji. Windo lao la kwanza lilikuwa nyangumi wa nundu, kwa sababu hupita karibu na pwani na huogelea taratibu. Tanganyika haikujengewa kituo cha namna hiyo, lakini hilo halikuwasaidia nyangumi wetu. Yule anayezaa huku hana njia nyingine ya kurudi Antaktika ila kupitia kusini, na huko kusini alikuwa akingojewa.

Katika karne ya 20, nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 waliuawa kusini mwa dunia. Mwaka 1963 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilikataza kuwawinda upande huo. Muungano wa Kisovieti uliendelea kwa siri. Uliripoti kuua 2,710 tu, ilhali hesabu halisi, iliyofichuliwa na wanasayansi wa Kirusi wenyewe katika miaka ya 1990, ilizidi 48,000. Nyama nyingi ilitupwa baharini. Sijasoma katika historia ya bahari uongo wa kitakwimu mkubwa kuliko huo.

Nafuu ilianzia kwa majirani. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, nchi ndogo ya visiwa, Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi hadi latitudo 55 kusini. Mwaka 1982 Tume ikapiga kura kusimamisha uwindaji wa kibiashara duniani kote, na uamuzi huo ukaanza kutekelezwa mwaka 1986. Tangu hapo idadi ya nyangumi wa nundu katika pwani ya Afrika Mashariki imekuwa ikipanda.

Wakati nyangumi wakirudi, sisi tulikuwa tunalipua bahari ili kuvua samaki. Katika Oktoba na Novemba 1996, miezi ambayo mama na watoto bado wako huku, milipuko 441 ya baruti ilihesabiwa Ghuba ya Mnazi. Wanavijiji wa pwani ya Mtwara na Lindi walichoka, wakaunda umoja walioupa jina la Shirikisho ili kupambana na uvuvi huo, na mwaka 2000 hifadhi ya bahari yenye kilomita za mraba 650 ikatangazwa. Mwaka 2015 watafiti walizunguka pwani yote ya Tanzania wakitafuta nyangumi na pomboo kwa macho na kwa vinasa sauti vya chini ya maji. Vinasa sauti hivyo vilinasa pia milipuko zaidi ya 300, mingi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Nyangumi dume huimba kwa saa nyingi msimu wa kujamiiana, na sauti yake husafiri mbali majini. Baruti inapolipuka, naye anaisikia.

Sasa tumefikia zamu ya utalii. Safari ya kwanza ya kulipia ya kutazama nyangumi ilifanyika San Diego, Marekani, mwaka 1955, kwa dola moja kwa kila abiria. Kufikia 2008 biashara hiyo ilikuwa na watu milioni 13 kwa mwaka katika nchi 119, Norwe na Iceland zikiwemo, nchi ambazo bado zilikuwa zikiwinda. Mtwara ina haki ya kupata sehemu yake. Lakini tutazame Kizimkazi, Unguja, ambako hapo zamani pomboo walivuliwa wawe chambo cha papa. Tangu miaka ya 1990 pomboo walio hai wamewaletea wanakijiji kipato kikubwa kuliko chambo, na hilo ni jema. Ila boti ziliongezeka zikawa zinawafukuza na kuwazunguka, na watafiti wakaona kwamba pomboo wanapungukiwa muda wa kupumzika. Kwa nyangumi anayenyonyesha bila kula, kila mkurupuko unampunguzia mafuta asiyoweza kuyarudisha mpaka afike Antaktika.

Kanuni zinazofuatwa katika nchi nyingi si ngumu: usimkaribie kwa chini ya mita 100, njoo kwa ubavuni na kwa mwendo wa pole, usipite kati ya mama na mtoto, na boti zisizidi mbili au tatu kwa wakati mmoja. Uongozi wa hifadhi na halmashauri zetu uzibandike kwenye kila diko kuanzia Msangamkuu hadi Ruvula, uwape manahodha wa Msimbati mafunzo na leseni kabla ya wawekezaji kutoka mbali, na usimamie kwa faini. Na wewe msomaji wa Mtwara, kusi lijalo usiwaachie wageni peke yao: nenda Msimbati, mlipe mvuvi, na nahodha akitaka kuwafukuza nyangumi ili upate picha nzuri, mwambie azime injini.