Nyeupe au Nyekundu: Ukuta wa Ndani baina ya Guangzhou na Lamu

Mswahili anayepanga nyumba Guangzhou, tuseme katika mtaa wa Xiaobei wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, akitakiwa achague rangi ya ukuta wa ndani, nyeupe au nyekundu, huenda akaambiwa kwamba nyeupe ni ya matanga na nyekundu ni ya harusi na Mwaka Mpya. Kauli hiyo ina msingi katika mila za Kichina, lakini haitoshi kuamulia ukuta.

Katika mji huohuo umesimama msikiti wa Huaisheng, uliojengwa upya mwaka 1350 baada ya kuungua. Mnara wake mweupe, wa kimo cha mita 36 hivi, huitwa Guangta, yaani mnara wa nuru, na uliwaongoza mabaharia. Weupe wake haumlilii maiti.

Lamu nako weupe una nyuso mbili. Ndiyo rangi ya sanda, na ndiyo rangi ya kanzu ya Idi. Katika majumba ya mawe ya karne ya 18, vyumba virefu na vyembamba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine, na mwanga uliingia kupitia kiwanda peke yake. Chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe iliupokea mwanga huo na kuusukuma hadi ndani, chumba cha wenye nyumba. Lau kuta zingekuwa nyekundu, ndani kungekuwa giza mchana kutwa. Hukohuko ndani ndiko kulikokuwa na zidaka, na katika zidaka vikapangwa vyombo vya kaure kutoka China. Mwanaakiolojia Linda Donley alivihusisha vyombo hivyo na kinga ya nyumba mahali pa uzazi na mauti. Hata asiyekubaliana naye ataona kwamba buluu ya kaure huonekana vyema juu ya chokaa.

Wachina nao, wekundu wa Mwaka Mpya huubandika mlangoni kwa karatasi zenye maandishi, na mwaka ukigeuka hubandika nyingine. Sherehe hupita; ukuta hubaki na wakaao. Kwa hiyo mpangaji wetu ana haki ya kuchagua nyeupe bila kuogopa matanga, na nyekundu akaiweka mlangoni. Ila kwanza atazame dirisha lake liko upande gani.