Hesabu za Nyumbani na Hesabu za Ubaoni

Mwaka 1962, wanahisabati na walimu kutoka Afrika, Uingereza na Marekani walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vipya vya hisabati. Seti na besi za namba zikaingia darasani. Nia ilikuwa njema: mwanafunzi aelewe kiini cha jibu badala ya kukariri. Ila mzazi aliyefungua daftari la mwanawe hakukuta humo shamba wala duka, na walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha. Mwaka 1981 Kenya iliiondoa hisabati hiyo shuleni.

Nyanda za Wakipsigis, nchini Kenya, zilikuwa na somo jingine. Katika miaka ya 1970 watafiti Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, jamii ya wakulima na wafugaji, wakawasikiliza wazazi. Wazazi hao walitenganisha akili ya shuleni na akili ya nyumbani. Mtoto mwenye akili ya nyumbani huiona kazi inayosubiri, akaifanya bila kutumwa. Kuliona tatizo kabla ya kuambiwa ndiko kunakoanzisha utatuzi wake, na ubao haukulifundisha hilo.

Majani chai ya nyanda hizo nayo yalidai hesabu. Tangu KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ilipoundwa mwaka 1964, mkulima mdogo hupeleka majani kituoni, yakapimwa kwa kilo. Hulipwa kila mwezi, na bonasi huja baadaye. Zaidi ya kilo nne za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai iliyokaushwa. Hapo pana uwiano, asilimia na wastani.

Mwaka 1998 Kenya na Japani zilianzisha SMASSE, mradi wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, nao ukaenea nchi nzima kuanzia 2003. Ulihimiza vitendo, majaribio na vifaa vya kubuni kutokana na vitu vilivyo karibu.

Sasa Mtaala wa Umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi akusanye data, aipange na kuifasiri. Shule ya Sigor, huko Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, haina haja ya kutafuta mfano mbali: lita za maziwa ya asubuhi, magunia ya mahindi, siku za mvua, au risiti za majani chai za jamaa walio nyanda za juu. Mwalimu amwachie mwanafunzi achague swali, akapime mwenyewe, kisha aeleze kwa nini mwezi mmoja ulizidi mwingine.