Beit el Ajaib Kabla ya Saa

Ukikaa Forodhani jioni, karibu na wauza urojo, hutakosa kumsikia mwongoza watalii akiwaeleza wageni wake kwamba Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu la masultani wa Zanzibar, ni jengo la Kiingereza. Lilichorwa na mhandisi wa meli wa Kiingereza, lina nguzo za chuma, lilikuwa na saa mnarani: basi ni London ndogo iliyoletwa Unguja. Wengine humalizia kwa ndovu, kwamba milango ilifanywa mipana ili Sultani apite akiwa mgongoni mwake. Ya ndovu tuwaachie wanaoiuza. Ya Uingereza ina wafuasi wenye vitabu, nayo inataka jawabu.

Jawabu langu naliokota kwenye picha za kale. Zile zilizopigwa kabla ya Agosti 1896 zinaonyesha jumba lisilo na mnara usoni. Mnara ulikuwapo, ila ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari, ukiwaongoza mabaharia kwa taa yake. Jumba lenyewe ni varanda juu ya varanda, zimebebwa na nguzo nyembamba. Hiyo ndiyo sura aliyoiacha Sultani Sayyid Barghash bin Said alipolijenga mwaka 1883. Mnara wa saa uliowafanya watu waikumbuke London ulibandikwa usoni mwaka 1897, na Barghash alikwishafariki tangu 1888.

Barghash mwenyewe hakuwa mtu wa kufunzwa na fundi wa meli namna mfalme anavyokaa. Mwaka 1859, alipojaribu kumpindua ndugu yake Majid na akashindwa, alihamishiwa Bombay, akakaa huko kiasi cha miaka miwili akitazama jinsi mji mkubwa wa bandari unavyoendeshwa. Alikalia kiti mwaka 1870. Miaka miwili baadaye kimbunga kikamvunjia merikebu na kung'oa mikarafuu. Mwaka 1875 alizuru London, ndiyo. Lakini aliporudi alivuta maji ya chemchemi hadi mjini, na huko Marhubi akajenga kasri lenye hamamu ya Kiajemi. Kasri hilo liliungua mwaka 1899; nguzo na hamamu zake zingalipo za kutazamwa. Sioni Uingereza pale.

Kuna shahidi mwingine ambaye wanaoandika juu ya jumba hili humpita upesi, pengine kwa sababu hakuwahi kukaa ndani yake: dada yake Barghash, Sayyida Salme. Aliondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anapoieleza Beit el Sahel, kasri la jirani, anaeleza maisha ya uani: watu wanapita, wanapigana vikumbo, sauti zinapanda, na juu yao varanda ndefu zilizobebwa na nguzo. Sasa ingia kwa fikra Beit el Ajaib. Unapokewa na ua mkubwa katikati, ghorofa zikiuzunguka, na milango iliyochongwa kwa mikono ya mafundi. Ni nyumba ile ile ya Salme, imekuzwa na kufunikwa.

Hapo ndipo chuma kinapopata maana yake. Katika nyumba za kawaida za Mji Mkongwe dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Aliyetaka ukumbi mpana na varanda za kupitisha msafara alihitaji kitu kingine, na Barghash alikuwa na fedha za kukiagiza. Nakubali kwamba chuma kilitoka ng'ambo na kwamba huenda mzungu alishika kalamu. Lakini aliyeagiza ndiye aliyejua anataka nini, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza chini ya Admeri Harry Rawson zilipiga makasri kwa muda usiofika saa nzima, ili kumng'oa Khalid bin Barghash, mwana wa Barghash aliyejitwalia usultani. Watu wapatao mia tano wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Beit el Hukm na Beit el Sahel ziliharibiwa, mnara wa taa ukaenda, na Beit el Ajaib ikasalia na majeraha madogo. Waliolitengeneza ndio waliolivisha mnara mpya, wakaupachika katikati ya uso wake. Mtalii aliyesifu uso wa Kiingereza alisifu, bila kujua, kazi iliyofuata mizinga.

Baada ya hapo lilikuwa ofisi za serikali ya Kiingereza, kisha shule ya chama tawala baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha makumbusho. Kilichonivutia zaidi katika makumbusho hayo kilikuwa mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba, uliowekwa uani, mahali penye nafasi ya kuuzunguka na kuutazama kutoka juu.

Tarehe 25 Disemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na mafundi wawili walipoteza maisha. Kwa siku kadhaa picha zilizosambaa zilionyesha uso wa jumba bila saa.